Kona ya Waandishi: Bastola Mwezini

SWALI: Ndugu Mhariri, naandika riwaya ya kisayansi kuhusu koloni la Mwezini lenye watu wazima 10,000. Sheria inamtaka kila mtu apambane kwa bastola mara moja kwa mwaka, hatua 20, mmoja dhidi ya mmoja. Nimefika sura ya nne nikakwama. Naona ni risasi na maiti tu. Tena, uvutano mdogo wa kule hautapotosha shabaha? – Msomaji, Tanga

JIBU: Piga kwanza hesabu ya maiti. Watu 10,000 ni mapambano 5,000 kwa mwaka. Hata likiua moja tu katika kila matano, unazika watu 1,000 mwaka wa kwanza, yaani mmoja katika kila kumi, na ukiendelea hivyo bila watu wapya, baada ya miaka saba huna hata nusu ya koloni. Nani atabaki kuhudumia mitambo ya hewa? Ama upunguze mapambano, ama utuonyeshe watu wapya wanatoka wapi.

Kilichokukwamisha ni kuanza na risasi. Utamu uko kwenye taratibu. Chukua kanuni za mapambano ya namna hii zilizowekwa Clonmel, Ireland, mwaka 1777. Mwito wa kupambana haupelekwi usiku, ili hasira zipoe, isipokuwa kwa mtu anayekusudia kuondoka kabla ya asubuhi. Aliyeitwa huchagua uwanja, aliyemwita huchagua umbali. Kila upande una mpambe, yaani msaidizi wa mpambanaji, na wapambe wanawajibika kujaribu suluhu kabla ya kukutana. Bastola ikigoma kulipuka, hiyo imehesabiwa kuwa risasi yako. Kufyatua hewani kwa makusudi ni marufuku. Jeraha la kutetemesha mkono linafunga shughuli ya siku hiyo. Kila kanuni hapo ni mlango wa hila: mpambe asiyetaka suluhu, mtu aliyetia baruti mbichi kwenye bastola ya mwenzake.

Hata uchaguzi wa silaha ni silaha. Mwaka 1842 Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipoitwa kupambana na mwanasiasa James Shields, alichagua panga kubwa za wapanda farasi, maana alikuwa mrefu na mikono yake ilifika mbali. Wakapatanishwa kabla ya pigo lolote.

Kuhusu uvutano, usihangaike. Hatua 20 ni kama mita 15. Risasi ya mwendo wa mita 250 kwa sekunde inafika kwa sekunde 0.06, Duniani inashuka sentimita 2 hivi, Mwezini milimita 3. Hakuna atakayekosa shabaha kwa hilo.

Kuta ndizo za kuogopa. Ndani ya koloni, risasi iliyokosa inaweza kutoboa ukuta na kuwaua hata watazamaji, kwa hiyo wapeleke nje wakiwa na mavazi ya anga. Usiwape gumegume, yaani bastola ya kale inayowashwa kwa cheche za jiwe: cheche zake zinahitaji hewa. Wape risasi za kisasa, ambazo baruti yake imebeba oksijeni yake yenyewe. Vazi likipasuka na hewa kuisha, mtu anazimia ndani ya sekunde 10 hadi 15, hata kama risasi imemkwaruza tu.

Nje hakuna sauti, hivyo amri ya kufyatua lazima ije kwa redio. Anayeiendesha redio akimcheleweshea mmoja nusu sekunde, amekwisha kumuua bila kushika bastola. Sura ya nne ianzie kwake.