Umepasuliwa Endometriosisi na Unatafuta Mtoto? Dai Ripoti Yako

Msomaji ameuliza: "Nilipasuliwa endometriosisi miezi minane iliyopita, nikaambiwa nisubiri tu. Mpaka lini?" Jibu limo kwenye ripoti ya upasuaji, karatasi ambayo wengi hutoka hospitali bila kuichukua.

Kwanza hakikisha ulifanyiwa nini. Kusafishwa kizazi si tiba ya ugonjwa huu: vidonda vyake, vya tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi, viko nje ya mfuko wa uzazi, na kifaa kinachopitia ukeni hakivifikii. Upasuaji unaosaidia ni wa tumboni, mara nyingi kwa matundu madogo na kamera. Ripoti ieleze mirija na ncha zake zilikutwaje kila upande, ovari zimegandana na nini, na kipi kiliachwa.

Ukiwa nayo, mwombe daktari apige hesabu ya EFI (Endometriosis Fertility Index), kipimo cha alama 0 hadi 10 cha uwezekano wa kushika mimba kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji, kilichotolewa na watafiti Adamson na Pasta mwaka 2010. Umri wa miaka 35 kushuka hupata alama 2. 36 hadi 39 hupata 1. 40 na kuendelea, sifuri. Mmetafuta mtoto kwa miaka 3 au pungufu, 2. Uliwahi kushika mimba, 1. Tano zilizobaki hutokana na hali ya mirija, ovari na ukubwa wa ugonjwa. Ukiwa juu, 7 na zaidi, mna sababu ya kujaribu wenyewe miezi 6 hadi 12, mkikutana kila baada ya siku moja au mbili kuelekea yai kupevuka. Ukiwa chini, 3 kushuka, usimalize mwaka ukinywa mizizi. Ulizia upandikizaji (IVF, yai kurutubishwa maabara) mapema. Na hesabu yote ni kazi bure kama mume hajapima mbegu, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7.

Kosa tunaloliona sana ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu baada ya upasuaji. Inatuliza maumivu, sawa, lakini haiongezi uzazi, na mimba inaweza kuchelewa miezi 9 au 10 tangu sindano ya mwisho.

Uvimbe wa chokoleti, yaani uvimbe wa endometriosisi kwenye ovari, ukirudi, usikimbilie kisu tena. Kila unapobanduliwa, tishu yenye mayai hubanduka nao. Pima kwanza AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai.

Siku ikichelewa na kipimo kikasoma mimba, fanya ultrasaundi wiki ya 6. Mirija iliyowahi kugandana inaweza kukamata mimba njiani.