Mtaala na ufundishaji katika shule za kanisa: jibu kwa mleta mada anayetaka kumpeleka kijana wake seminari

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kama shule za kanisa hapa Tanzania zina mtaala wao tofauti na ule wa Serikali, na kama ni kweli kwamba ufaulu wao unatokana na mbinu za kufundishia ambazo shule nyingine hazina. Nilisoma seminari ndogo ya Kikatoliki, yaani sekondari ya bweni inayoandaa vijana kwa upadri, kisha nikafundisha Baiolojia na Kemia katika seminari moja ya Nyanda za Juu Kusini, na baadaye katika sekondari ya Kilutheri ambayo si seminari. Nitajibu kwa niliyoyaona katika shule za aina hizo mbili. Za Wasabato na za makanisa mengine nawaachia wadau wenye uzoefu nazo.

Kuhusu swali la kwanza, mtaala ni uleule. Muhtasari wa somo la Fizikia unaotumiwa seminari umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, upimaji wa kidato cha pili na mtihani wa kidato cha nne ni wa Baraza la Mitihani, na wathibiti ubora wa shule hufika huko kama wanavyofika kwingine. Hali hii ina historia yake. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini, na ndiyo sababu Pugu na Minaki, zilizoanzishwa na wamisionari, ni za Serikali hadi leo. Seminari zilibaki mikononi mwa makanisa kwa kuwa kazi yake ni kuandaa watumishi wa kanisa, na kwa miaka mingi ndizo zilizotunza desturi ya shule ya kanisa nchini. Sekondari nyingi za kanisa tunazoziona sasa zilifunguliwa baadaye, Serikali ilipolegeza masharti na kuzikaribisha tena taasisi za dini katika elimu, na nyingi ziliiga ratiba na taratibu za seminari.

Kinachoongezwa juu ya mtaala wa taifa ni masomo machache. Katika seminari ya Kikatoliki kuna Kilatini, ambacho wengi wetu tulikichukia kidato cha kwanza, tukakishukuru tulipofika kwenye majina ya kisayansi ya mimea na wanyama. Kuna dini kama malezi, yaani katekisimu, liturujia na nyimbo, na kuna somo la Maarifa ya Biblia linalotahiniwa na Baraza. Wazazi wengi huyachanganya haya mawili, nami naona hapo ndipo shule za kanisa zinapojidanganya zaidi. Maarifa ya Biblia hufundishwa kama Historia: mwanafunzi hukariri safari za kimisionari za Mtume Paulo, miji aliyopita na sababu tano za kuteswa kwa Kanisa la mwanzo, kisha huandika insha na kupata alama yake. Nimewaona vijana wenye alama A katika somo hilo ambao hawangeweza kukueleza kwa maneno yao wenyewe kwa nini wanasali. Mwalimu hana lawama kubwa, maana mtihani unauliza hivyo, lakini mzazi asiipokee alama hiyo kama kipimo cha malezi ya dini aliyoyalipia.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa Baiolojia, niliulizwa mara nyingi na wazazi jinsi tulivyofundisha mageuko ya viumbe na uzazi wa mpango. Mada zote mbili zimo katika mafunzo ya sekondari na huulizwa katika mitihani, hivyo zilifundishwa. Katika seminari sikuwahi kuambiwa niruke mada ya mageuko, na padri aliyefundisha dini alikuwa wa kwanza kuwaambia wanafunzi kwamba Papa Pius wa Kumi na Mbili, katika barua yake Humani Generis ya mwaka 1950, aliruhusu suala la chimbuko la mwili wa binadamu lichunguzwe na wataalamu, na kwamba mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema nadharia hiyo si dhana tu. Tulikubaliana hivi: mimi nifundishe Lamarck na Darwin, mabaki ya kale na uteuzi wa asili kama ulivyo, yeye afundishe kitabu cha Mwanzo kinasema nini na hakikusudii kusema nini. Wanafunzi walikuwa huru kuuliza pande zote mbili, na waliuliza kweli, wakati mwingine kwa hila ya kutaka kutugombanisha.

Katika shule ya Kilutheri hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu baadhi ya walimu wenzangu waliipinga mada hiyo waziwazi mbele ya darasa. Mwanafunzi akibaki na mwalimu mmoja anayesema «andika hivi kwenye mtihani lakini usiamini», hujifunza jambo baya kuliko kosa lolote la sayansi, nalo ni kwamba darasani husemwa yale ambayo hayaaminiwi na anayeyasema. Ningependa mzazi yeyote aulize hili anapotembelea shule. Kuhusu uzazi wa mpango, seminari ilifundisha njia zote zilizotajwa katika muhtasari, zinavyofanya kazi na mapungufu yake, na mafundisho ya Kanisa yakaelezwa katika kipindi cha dini na mtu mwenye mamlaka ya kuyaeleza. Mimi niliona mpangilio huo ni wa heshima kwa somo na kwa imani pia.

Sasa nije kwenye mbinu. Ukiingia darasani seminari saa nne asubuhi utamkuta mwalimu ubaoni, chaki mkononi, wanafunzi wakinakili, kama utakavyokuta shule ya kata. Maabara ni bora kidogo katika baadhi ya shule, vitabu vinatosha zaidi, na darasa lina vijana wachache, lakini kipindi cha dakika arobaini hakina uchawi wowote. Tofauti iko katika saa zilizobaki. Kengele ya kuamka hulia saa kumi na moja alfajiri, hufuata sala na misa, usafi, kifungua kinywa, vipindi hadi mchana, kazi za mikono shambani au bustanini, michezo, masifu ya jioni, kisha prepo ya jioni, yaani muda wa kujisomea, ambayo hufanyika kwa ukimya kamili na chini ya usimamizi wa mlezi. Baada ya sala ya usiku huanza kimya kikuu, na hakuna mtu anayezungumza hadi asubuhi. Kila mwanafunzi anao muda wa kusoma peke yake, kila siku, mahali penye taa na kiti, bila mtu wa kumtuma dukani. Mtoto wa kutwa anayetembea mwendo mrefu kwenda na kurudi, kisha akachota maji na kupika, hana muda huo hata kama mwalimu wake ni hodari kuliko wa kwetu. Kwa hiyo ninaposikia watu wakisifu «mbinu za kikristo za ufundishaji» nafikiri sifa nyingi ni za bweni na za ratiba.

Lipo eneo moja ambapo niliona mbinu hasa, nalo ni lugha. Wengi wa wanafunzi wetu walitoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, wakaingia sekondari ambako Fizikia, Historia na karibu kila kitu ni kwa Kiingereza. Kozi ya maandalizi kabla ya kidato cha kwanza ilisaidia, lakini haikutosha. Kilichosaidia zaidi ilikuwa desturi ya kale ya kitawa ya kusoma kitabu mezani: wakati wa chakula mwanafunzi mmoja husimama na kusoma kwa sauti, riwaya au maisha ya mtakatifu, na wengine hula wakisikiliza. Zamu humfikia kila mtu, na anayekosea matamshi husahihishwa papo hapo na gombera, yaani padri mkuu wa seminari, bila kuaibishwa. Baada ya mwaka mmoja wa utaratibu huo kijana aliyetoka kijijini bila Kiingereza huwa anafuata hadithi ndefu kwa kuisikia tu. Kinyume chake ni ule utaratibu wa kumvisha kibao aliyekutwa akizungumza Kiswahili, ambao shule nyingi za kanisa na zisizo za kanisa bado zinaupenda. Matokeo yake niliyoyaona ni watoto wanaonyamaza.

Mbinu nyingine inayostahili kutajwa inahusu nidhamu. Don Bosco, padri wa Turin aliyelea vijana maskini katika karne ya 19, aliandika mwaka 1877 maelezo mafupi ya mfumo wake wa kuzuia, akaujenga juu ya akili, dini na upendo. Kwa vitendo maana yake ni kwamba mlezi anaishi na vijana: anacheza nao mpira, anakula nao, yuko uwanjani na bwenini, hivyo makosa mengi hayapati nafasi ya kutendeka na adhabu huwa nadra. Wasalesiani, shirika la kitawa aliloanzisha Don Bosco, wana shule nchini zinazofuata mfumo huo, na mapadri wa majimbo wameuchukua kwa kiasi. Ukitekelezwa, unafanya kazi kuliko fimbo. Lakini msalaba ukutani hauzuii fimbo, na nimefanya kazi mahali ambapo kanuni za mwaka 2002, zinazotaka viboko visizidi vinne na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, zilichukuliwa kama ushauri tu. Mzazi aulize walezi wanaishi wapi na wako wangapi. Shule yenye vijana mia nne na mlezi mmoja anayekaa nyumba ya mbali haina mfumo wowote wa malezi, hata kama picha ya Don Bosco imetundikwa ofisini.

Kuhusu ufaulu, lazima tuzungumzie mchujo. Seminari humpokea mtoto kwa barua ya paroko na kwa usaili wa Hisabati, Kiingereza, maarifa ya jumla na dini, na wanaofika kwenye usaili tayari wamechujwa na parokia zao. Ukikusanya watoto wa namna hiyo bwenini, ukawapa muda na vitabu, daraja la kwanza si muujiza. Halafu kuna mchujo wa pili, ule wa wastani, ambapo anayeshuka chini ya alama iliyowekwa na shule huombwa kuhama, wakati mwingine miezi michache kabla ya mtihani wa taifa. Wizara imekwisha kuukemea utaratibu huo, na shule nyingi zimeacha kuutangaza, ingawa si zote zilizoacha kuutumia. Seminari ina hoja yake kwamba haitafuti wanafunzi bali miito, yaani vijana wenye wito wa upadri, na hoja hiyo naielewa inapohusu tabia na nia ya kijana. Inapohusu alama ya Hisabati siielewi, maana watakatifu kadhaa wangefukuzwa kidato cha pili. Sekondari za kanisa zisizo seminari hazina hata hoja hiyo. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, kuanzia matokeo ya kidato cha nne cha mwaka 2022 yaliyotoka Januari 2023, shinikizo lilipungua kidogo, ila mabango ya barabarani yenye picha za wanafunzi wa daraja la kwanza bado yapo.

Wapo waliouliza kuhusu watoto wa Kiislamu. Seminari kwa kawaida hawapo, lakini katika sekondari za kanisa wapo na mara nyingi ni wengi. Pale nilipofundisha hawakulazimishwa kushiriki ibada, walipewa muda wa swala na futari wakati wa Ramadhani, na Maarifa ya Biblia lilikuwa somo la hiari. Najua shule nyingine haziko hivyo, kwa hiyo pata jibu la maandishi kabla ya kulipa ada.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, umezikuta baadhi ya shule za kanisa zikiwa na karakana za useremala, ushonaji na ufugaji zilizojengwa tangu enzi za wamisionari. Hizo zimeanza vizuri. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili nalo halijawapa shida, isipokuwa kwamba walimu wa dini na wa historia sasa wanagombea vipindi.

Basi ukienda kuitembelea shule unayoifikiria, omba ratiba ya siku nzima na si ratiba ya vipindi peke yake, kisha keti na mwanafunzi wa kidato cha pili bila mwalimu kuwepo umuulize jana jioni alifanya nini. Ukirudi nyumbani fungua tovuti ya Baraza la Mitihani, utafute matokeo ya upimaji wa kidato cha pili wa shule hiyo kwa mwaka mmoja, na matokeo yake ya kidato cha nne miaka miwili baadaye. Hesabu watahiniwa katika orodha zote mbili. Ikiwa walikuwa tisini na wamebaki hamsini na watano, muulize mkuu wa shule wale wengine walikwenda wapi, na usikilize anavyojibu kabla hujasoma safu ya madaraja.