Barua kwa mwanangu: Bwana wa Coucy na wakwe zake

Mwanangu,

Marahaba. Picha za magofu ya ngome ya Coucy zimefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unauliza: huyu Enguerrand wa Saba, Mfaransa aliyemwoa binti wa mfalme wa Uingereza wakati nchi hizo mbili zina uadui wa miaka na miaka, hatimaye alikuwa mtu wa nani? Na watoto wake walihesabiwa wa upande gani? Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza habari za wakwe. Wote walitaka mwaka wa vita, basi.

Alikuwa mtu wa Coucy. Ukoo ule ulijigamba kwamba wao si wafalme wala wana wa wafalme, wao ni mabwana wa Coucy, na inatosha. Ulisimama penye kifusi cha mnara mkuu, kwa hiyo umeona hawakuwa wanatania. Enguerrand wa Tatu aliujenga karne ya 13 ukafika mita 54 kwenda juu, ukaupita kwa mbali mnara wa mfalme mwenyewe kule Louvre. Ungali unasimama mpaka Machi 1917, jeshi la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma lilipoulipua kwa baruti tani 28. Sisemi kwamba walikuwa wema. Mwana wa huyo mjenzi, Enguerrand wa Nne, aliwanyonga vijana watatu kwa kosa la kuwinda katika msitu wake, hadi Mfalme Louis wa Tisa akamshtaki na kumtoza faini kubwa.

Huyu wetu alizaliwa 1340 na akawa yatima mapema. Baba alikufa 1346, vita na Waingereza vikiwa vimepamba moto; mama akafa kwa tauni 1349. Mama huyo alikuwa binti wa nyumba ya Habsburg, watawala wa Austria. Mweke akilini, tutamrudia.

Mwaka 1356 Waingereza walimteka Mfalme John wa Ufaransa huko Poitiers. Mkataba wa 1360 ukataka fidia ya vipande milioni tatu vya dhahabu, na mpaka deni liishe, wakubwa 40 wa Ufaransa wakae Uingereza. Kijana wa Coucy, mwenye miaka kama 20, alikuwa mmoja wao. Kwa maneno mengine, aliwekwa rehani. Lakini rehani ya kikabaila haina minyororo: alikula meza moja na waliomshikilia, akawinda nao, akacheza ngoma zao. Na mle jumbani alikuwemo Isabella, binti mkubwa wa Mfalme Edward wa Tatu.

Isabella hakuwa msichana wa kuozwa tu. Mchumba mmoja, Louis wa Flanders, alitoroka kabla tu ya harusi, 1347. Miaka michache baadaye alipatikana mwingine kutoka Gascony, na safari hii bibi harusi ndiye aliyeghairi wakati safari ya kwenda kuolewa imeshaandaliwa. Baba yake alimdekeza, akalipa madeni yake, na wala hakumlazimisha. Alipomtaka Enguerrand alikuwa na miaka 33, mwanamume miaka 25 hivi. Walioana Windsor tarehe 27 Julai 1365.

Sasa tazama mambo ya mahari yalivyopinduka: aliyetoa ni baba mkwe. Enguerrand aliachiwa huru bila fidia, akarudishiwa mashamba ya mababu zake yaliyokuwa Uingereza, mwaka uliofuata akapewa ukabaila wa Bedford na nishani ya Garter, nishani kuu ya mashujaa wa mfalme wa Uingereza. Usidhani Edward alikuwa mjinga. Coucy iko kaskazini ya Paris, na ngome ile ikiwa mikononi mwa mkweo, huna haja ya kuizingira. Mtoto wa kwanza, Marie, alizaliwa Ufaransa 1366. Wa pili, Philippa, alizaliwa Uingereza mwaka uliofuata.

Alipopata nafasi ya kutulia kwao, alichoshughulikia ni mashamba. Tauni na vita vilikuwa vimewamaliza watu, na watwana waliobaki walikuwa wakihamia kwa mabwana wengine ili wapate uhuru. Mwaka 1368 akawaandikia hati ya uhuru watu wa miji na vijiji 22, kwa malipo ya kila mwaka. Hapo ndipo ninapomwona alivyokuwa hasa, mtu wa kupiga hesabu.

Mwaka 1369 vita vikaanza tena. Angekwenda wapi? Akimpigania mfalme wake, anampiga baba mkwe. Akimpigania baba mkwe, ni mhaini kwao. Akachagua kuondoka. Alikwenda Italia kulitumikia jeshi la Papa, kisha 1375 akaongoza askari wa kukodiwa kudai urithi wa mama yake kwa Wahabsburg. Wenyeji wa Bern, Uswisi ya leo, waliwavamia watu wake usiku wakati wa baridi, na akarudi bila cha maana. Wengine husifu uungwana wa kutoshika upande. Mimi naona alikuwa anasubiri mzee afe.

Na mzee akafa, Juni 1377. Agosti ileile Enguerrand alimwandikia mfalme mpya, Richard wa Pili, akarudisha nishani, akaacha Bedford na kila kipande cha ardhi ya Uingereza, akajitangaza mtu wa mfalme wa Ufaransa. Barua ya heshima, haina tusi. Ila wanaoisifu hawataji nani aliyelipa gharama. Isabella alirudi Uingereza, na Philippa akalelewa huko. Marie akabaki Ufaransa na baba. Isabella hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Hivyo jibu la swali lako la pili ni kwamba watoto waligawanywa, huyu huku na yule kule, na bahari katikati.

Philippa ndiye anayenikaa moyoni. Aliozwa akiwa mtoto mdogo kwa Robert de Vere, kipenzi cha Mfalme Richard. Mwaka 1387 mume akamwacha kwa ajili ya Agnes Launcekrona, mmoja wa wanawake waliokuja na Malkia Anne kutoka Bohemia, na mfalme akakubali. Baba mzazi yuko Ufaransa, mama amekufa. Unajua nani alimsimamia? Mavyaa yake! Maud, mama yake Robert, alimlaani mwanawe wa kumzaa, akamchukua Philippa akakaa naye. Na mimi nitakapokuwa mkwe wa mtu, nitamkumbuka Maud. Robert alishindwa vitani mwaka huohuo akakimbia nchi, akafa Louvain 1392 akiwinda nguruwe mwitu. Philippa aliishi hadi 1411.

Baba huko Ufaransa alipanda. Mwaka 1380 alipewa ukuu wa majeshi yote, akakataa. Mwaka 1386 alimwoa Isabelle wa Lorraine, mdogo kwake sana, wakapata binti mwingine. Mtoto wa kiume wa ndoa hakupata.

Mwisho wake ulikuja Nicopolis, kando ya mto Danube, tarehe 25 Septemba 1396, Wafaransa na Wahungaria walipokwenda pamoja kupigana na Waturuki. Mfalme Sigismund wa Hungaria alitaka askari wake wa miguu watangulie. Vijana wa Kifaransa wakadai heshima ya kuwa mbele. Coucy alikubaliana na Sigismund, hakusikilizwa. Sultani Bayezid wa Waturuki aliwashinda vibaya, akawaua mateka wengi, akabakiza wakubwa wa kukombolewa. Rehani tena, safari hii mtu wa miaka 56. Alifia Bursa, Uturuki ya leo, Februari 1397, fidia haijafika. Mume wa Marie, Henri wa Bar, alitekwa vita hivyohivyo, naye hakufika nyumbani.

Marie akabaki mjane, akishtakiana na mama yake wa kambo juu ya urithi. Mwaka 1400 aliiuza Coucy kwa Louis wa Orléans, ndugu wa mfalme, na miaka mitano baadaye akafa. Mjukuu wa mnunuzi huyo akatawazwa mfalme wa Ufaransa 1498, ndiye Louis wa Kumi na Mbili, na Coucy ikawa mali ya wafalme.

Msalimie mwenzio, na mwambie nasubiri kuwajua wazazi wake.

Mama yako