Korija za ami yangu

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Likoni ni wazima, ila joto. Ujumbe wako niliusoma juzi baada ya isha, nikausoma tena asubuhi nikiwa kwenye feri, kisha nikampa mamako naye akausoma. Unasema mwaka huu wa tatu mnatakiwa kila mtu ajitafutie ofisi ya kufanyia mafunzo ya kazi, na wasifu wako haujazi hata nusu karatasi. Ukaniuliza: "Baba, niandike ile kazi ya mahamri ya mama, ama niiache? Wenzangu wanasema nitaonekana mshamba." Na chini yake ukauliza kama waweza kukuza herufi ili karatasi ijae.

Herufi usizikuze. Hilo jepesi, nimelimaliza. Mtu anayesoma wasifu mia kwa siku huzijua herufi zilizokuzwa kama muuza samaki amjuavyo samaki wa jana. Tena nusu karatasi si aibu kwa mtu wa miaka 21. Ijaze hadi iwe moja ukiweza, isifike ya pili.

La mahamri ndilo lililoninyima usingizi, na si kwa sababu ya mahamri.

Unaijua kazi niliyostaafia, na unalijua neno langu, kwani wewe na kaka zako mmeniiga nalo mezani tangu mna meno ya utoto: kilichoandikwa kiwemo, kilichomo kiandikwe. Ulipokwenda bweni kidato cha kwanza nilikubandikia orodha ndani ya kifuniko cha sanduku, ukalia mbele ya wenzako. Uliporudi likizo nikahesabu, soksi moja haipo. Mamako hajanisamehe ile hesabu ya soksi hadi leo.

Lakini neno lile silo la mezani. Meli ikitia nanga Kilindini inakuja na manifesti, karatasi inayosema tumboni mna nini. Sisi makarani wa tali tunasimama ubavuni na kalamu, mzigo ukishuka tunapiga mistari: minne wima, wa tano unaikata. Mwisho wa zamu tunalinganisha, na makosa ni mawili tu. Kuna kilichopungua, yaani kimeandikwa na hakimo. Hicho kila mtu anakiogopa, maana huitwa wizi. Na kuna kilichozidi, kimo na hakikuandikwa. Vijana wakikiona cha pili hucheka, wakadhani ni bahati. Si bahati. Mzigo usio na karatasi hauna mwenyewe. Unawekwa pembeni ya ghala, unapigwa vumbi, na hakuna anayekuja kuudai.

Mimi nimewahi kuwa mzigo huo. Kisa hiki sijawahi kukuambia, ingawa cha ami yangu na boriti umekisikia mara nyingi. Ulichosikia ni nusu.

Unajua kwamba nilipokuwa shule, kila likizo nilishinda na ami pale Bandari ya Kale. Majahazi yalikuja kutoka Lamu yamejaa miti ya mikoko, na miti ile haihesabiwi mmoja mmoja, inahesabiwa kwa korija, korija moja ni miti ishirini. Na si kuhesabu tu. Fito ni fito, pau ni pau, halafu mazio, boriti, nguzo. Kila unene una jina lake na bei yake, na mchukuzi mjanja atakuchomekea pau ndani ya mazio ukiwa unaangalia pembeni. Ami hakujua kuandika vizuri. Alinipa daftari, akanikalisha juu ya gunia mdomoni mwa gati. Yeye anaita, mimi napiga mistari. Nilikuwa na miaka 15 na nahodha hawezi kulipwa mpaka mimi niseme ngapi. Siku moja nahodha mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alibishana nami korija mbili. Tukaurudia mzigo wote, jua la saa saba. Nilikuwa sahihi. Ami hakusema kitu, aliniagizia kahawa chungu kwenye kikombe cha wakubwa.

Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza miti ile nchi za nje. Waarabu wakawa hawaichukui tena, ikabaki ya kujengea huku huku. Kazi ya ami ikapungua hadi siku mbili kwa wiki. Mwaka huo huo nikamaliza kidato cha nne.

Mwanzoni mwa 1983 kampuni moja ya shehena ikatangaza nafasi za makarani wadogo. Ami ndiye aliyenipa pesa za kupigiwa taipu. Palikuwa na mzee mmoja karibu na Posta, barabara ya Digo, mashine yake juu ya meza ndogo, na karatasi ya kaboni ameibana kwa jiwe. Akaniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, shule. Akaniuliza: "Kazi umewahi kufanya?" Nikatazama viatu vyangu. Nikaona ukurasa ule mweupe, nikaona wasomi wa ile ofisi wakisoma "kuhesabu miti". Nikasema sijawahi. Mzee hakushangaa, akapiga "Hakuna". Kisha akaniandikia uraibu bila kuniuliza, maana kwa wateja wake wote uraibu ulikuwa mmoja: kusoma, kusafiri na kukutana na watu.

Nikaitwa. Watu watatu nyuma ya meza. Wa kwanza akasoma karatasi yangu, akauliza: "Umesafiri wapi?" Nami, wallahi, sikuwa nimevuka Mariakani. Nikasema, "Likoni." Walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Hilo halinichomi, hata mimi nacheka nikilikumbuka. Linalonichoma ni la yule wa tatu, mzee aliyekuwa kimya. Alinitazama mikono, akauliza polepole: "Hakuna kazi yoyote umewahi kufanya? Hata ya nyumbani?" Alikuwa ananifungulia mlango, mwanangu. Nikasema, "Hapana, bwana."

Nafasi ilichukuliwa na kijana wa Majengo aliyeandika kwamba humhesabia nyanya yake nazi na kuzipeleka Marikiti. Nazi! Mimi niliingia bandarini mwaka uliofuata kwa mlango wa vibarua, nikabeba mizigo miaka mitatu kabla ya kupewa kalamu. Na aliyenifundisha utaratibu wa kalamu alikuwa yule yule kijana wa nazi.

Lakini hata hilo ningelimeza. Nilipotoka kwenye ule usaili nilimkuta ami ananingoja chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara, amevaa kanzu ya Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne. Swali lake la kwanza: "Umewaambia habari za korija?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu. Jioni nikamsikia barazani akiwaambia wenzake kwamba wale mabwana wa ofisini waliuliza habari za korija na kijana akawaeleza zote. Aliisimulia hadithi ile miaka mingi, kila mara akiongeza kidogo. Mpaka tunamzika, sikumwambia.

Basi. Ndiyo maana mahamri yameninyima usingizi.

Sasa tuje kwako, maana mamako anasema nimezunguka hadi Lamu na mtoto kauliza jambo dogo. Kwanza ukumbuke ulichofanya, kwa sababu nadhani umekisahau. Machi 2020 shule zilipofungwa ulikuwa kidato cha pili. Wateja wa mamako wa maofisini walipotea wiki moja. Wewe ndiye uliyechukua daftari, ukaandika nambari za wateja wa mtaani, ukasema maagizo yapokelewe jioni kabla ya saa mbili na unga ukandwe kwa kadiri ya maagizo. Kabla ya hapo mahamri 40 yalikuwa yakirudi kila siku, tukiyala sisi hadi tukayachoka. Kufika Juni hayakuwa yakirudi hata 10. Jambo hilo lina jina huko darasani kwenu, shahada yenyewe ni ya ugavi.

Kwa hiyo kama utaandika (sijasema uandike) usiandike "nilimsaidia mama". Hilo halina uzito, ni kama kuandika "mizigo mbalimbali" kwenye manifesti; karani atakuuliza mbalimbali gani. Anza na kitendo, weka idadi: ulipokea maagizo, uliweka hesabu, ulipunguza mabaki kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, lini. Miaka yangu ya mwisho niliitwa mara nyingi kuchambua karatasi za vijana, na ukweli ni kwamba jicho hukimbia likipita "mchapakazi, mwaminifu, mwenye bidii" kama linavyopita mabango, likaenda kusimama penye nambari. Masomo yaanze juu, kwa sababu ndicho ulicho nacho kikubwa kwa sasa, na la karibuni litangulie. Ule mradi wenu wa mwaka wa pili kuhusu maghala uweke, na uweka hazina wa chama cha wanafunzi pia.

Usiandike "Mkurugenzi wa Mauzo". Kilichoandikwa kiwemo. Najua utanitajia binamu yako wa Kisauni, aliyejiandika "Mkurugenzi Mtendaji" wa kile kibanda cha M-Pesa na akapata kazi. Nimelifikiria sana lile. Kibanda kilikuwa chake, mfanyakazi alikuwa yeye peke yake, sasa mkurugenzi atakuwa nani? Kwa hesabu yangu mwenyewe hakuongopa. Na bado halinikai. Labda ni wivu wa mtu aliyejiandika "Hakuna".

Kuna jingine lililonitatiza. Nikisema kilichomo kiandikwe, je, uandike na dini, na nambari ya kitambulisho, na kwamba hujaolewa, na mtaa tunaokaa, kama nilivyopigiwa mimi taipu? Mwanzo niliona ndiyo, kuficha mtaa ni kuukana. Halafu nikakumbuka: nguo za mabaharia haziandikwi kwenye manifesti. Zimo melini, si siri, lakini zina fomu yake nyingine. Manifesti ni ya shehena. Basi weka jina, simu na barua pepe, nayo barua pepe iwe ya jina lako, si ile ya "malkia" uliyoifungua shuleni. Hayo mengine wakikuajiri watayataka wenyewe. Na picha usiweke, wala visanduku na majedwali. Siku hizi mahali pengine programu ndiyo inayosoma kabla ya mtu, na visanduku huichanganya. Soma tangazo lao, maneno yao yale yale uyatumie pale yanapokuhusu kweli. Wa kukushuhudia waombe ruhusa kwanza. Mimi nilimwandika chifu wetu bila kumwambia, walipompigia akasema hanifahamu.

Sasa umeniuliza: uandike mahamri, ama usiandike? Mamako amekaa hapa mkabala, amenishika neno kwamba nisikuamulie, eti nilimwamulia kaka yako ile kozi ya umeme na matokeo tunayajua. Sawa. Sikuamulii. Wenzako huenda wanajua jambo nisilolijua, ofisi za Nairobi si gati la Bandari ya Kale, na pengine yupo bwana mmoja mahali atakayeona neno mahamri akageuza karatasi. Yupo. Mimi nilimwogopa huyo huyo, na siku niliyofika hakuwamo chumbani, alikuwamo yule mzee aliyenitazama mikono.

Nimesema sikuamulii, basi niache hapo kabla mamako hajainyakua simu.

Daftari la ami lipo bado, kwenye lile kasha la chini ya kitanda. Nimepiga picha ukurasa mmoja, nakutumia. Hesabu za juu, zilizopinda, ni zake kabla sijafika. Mistari iliyonyooka ni mkono wangu, Agosti 1979, korija 37 na miti 8, mazio matupu.

Mamako anauliza utakuja Desemba kwa treni ama kwa basi, na anasema unga umepanda tena.

Babako