Usitupe opampu kabla hujaifunika

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimenunua opampu tatu zote mbovu, nikipima voltiji ndogo namba haitulii hata kidogo." Opampu ni chipu ya kukuza voltiji ndogo. Roho iliniuma, maana na mimi nilishapita hapohapo.

Nilikuwa natengeneza kipimajoto cha themokapo (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa, zinazotoa voltiji kwa joto) aina ya K, ile inayotoa kama mikrovolti 41 kwa kila digrii, na nikaanza na opampu ya LM358 kwa sababu ndo nilikuwa nayo. Sasa ofseti ya LM358, yaani voltiji ya uongo ambayo chipu inajiongezea yenyewe kwenye pini za kuingilia, inaweza kufika mpaka milivolti 7, na hata ikiwa 2 tu tayari una karibu digrii 49 za uongo. Wiki nzima nabadilisha rezista. Fundi aliyekuwa ananielekeza akaniambia mbele za watu kwamba elektroniki sina mkono nayo, na lile neno sijalisahau mpaka leo.

Nikahamia opampu nyingine, OP07, ofseti yake ni makumi ya mikrovolti tu. Nikaipima hivi: pini ya plasi naipeleka graundi moja kwa moja, pini ya minasi inashuka graundi kwa rezista ya omu 10, halafu kilo-omu 10 inatoka autiputi kurudi kwenye minasi. Geini, yaani mara ambazo voltiji inakuzwa, hapo ni 1001, kwa hiyo ukisoma milivolti 30 kwenye autiputi ujue ofseti yako ni kama mikrovolti 30. Rezista ziwe ndogo hivyohivyo jamani, maana kamkondo kanakoingia kwenye pini kakipita kwenye rezista kubwa kanazaa voltiji yake, mfano nanoampea 45 za LM358 zikipita kwenye kilo-omu 10 iliyowekwa kati ya pini ya plasi na graundi ni mikrovolti 450 hizo.

Namba ikagoma kutulia. Nikaitoa OP07 nikaweka ya pili, yaleyale. Usiku nimeinamia bodi nikaona namba inapanda, nikijivuta nyuma inashuka, nikiinama tena inapanda. Ni pumzi yangu! Kila metali mbili tofauti zinapokutana, mguu wa chipu na shaba ya bodi, pana themokapo ndogo, na upande mmoja ukipata joto kuliko mwingine mikrovolti zinazaliwa palepale. Nikafunika bodi kwa kikopo cha plastiki, nikaacha umeme umewaka nusu saa, namba ikasimama. Nilikaa naiangalia tu.

Siku hizi natumia pia opampu za chopa, zinazojirekebisha ofseti zenyewe, kama LTC1050, ofseti haizidi mikrovolti 5, lakini hata hiyo usipoifunika itakusumbua vilevile. Ndugu zangu tunakimbilia kununua chipu mpya wakati ya zamani hatujaipa hata nusu saa. Funika, subiri, ndo usome. Nasema tena, subiri!

Yule msomaji nilimwambia afanye hivyohivyo. Jana usiku kanitumia namba ya ile aliyotaka kuitupa kwanza: mikrovolti 22, na haijasogea tangu saa mbili.