Re: Kasa mwenye kibati sokoni, nifanyeje?

Salaam ndugu. Umesema umemwona kasa mnadani asubuhi, ana kibati cha chuma kwenye pezi la mbele, na hujui umweleze nani.

Kwanza geuza kibati. Upande mmoja kuna herufi na namba, upande wa pili huwa na anwani ya waliomtia alama. Piga picha pande zote mbili, kisha kichwa na gamba. Mimi mara ya kwanza nilinakili namba tu, anwani nikaisahau, ikawa taabu kubwa kumjua mwenyewe. Usikidhanie ni cha hapa: kasa waliotiwa alama fukwe za KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wamewahi kuonekana Tanzania.

Kama yu hai, usikibandue. Na usimnunue kwa huruma, nakusihi. Kesho wataletwa wengine.

Mpigie afisa uvuvi au BMU ya hapo (kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani), kisha Sea Sense, shirika la kuhifadhi kasa, kwa Tanzania. Kwa Kenya ni KWS (Shirika la Wanyamapori), na Watamu wapo Local Ocean Conservation, nao ni wahifadhi wa kasa. Taja soko, saa na alikovuliwa.

Waambie wanunuzi pia: Machi 2024 nyama ya kasa iliua watu 9 Kisiwa Panza, Pemba.