Re: Increase Mather na Maria Cotton ni ndugu au mke na mume?

Dada, ni vyote viwili, na hakuna haramu hapo. Mchungaji John Cotton wa Boston, kwenye koloni la Uingereza la Massachusetts huko Marekani, alifariki 1652, akamwacha mjane Sarah na watoto, Maria akiwemo. Mwaka 1656 Sarah akaolewa na Richard Mather, mjane mwenzake, mchungaji wa Dorchester. Increase ni mtoto wa Richard kwa mke wa kwanza. Kwa hiyo yeye na Maria walikuwa ndugu wa kufikia tu, bila damu moja, wakaoana Machi 1662. Mtoto wao wa kwanza akapewa majina ya koo zote mbili: Cotton Mather.

Ila angalia sana tarehe, hapo ndipo wengi wanapotea. Hadi 1752 makoloni ya Uingereza yalianza mwaka mpya 25 Machi. Cotton alizaliwa 12 Februari 1663 ukihesabu mwaka kuanzia Januari kama sisi, lakini kwa hesabu ya wakati ule bado ilikuwa 1662. Ukichanganya hesabu hizo, mtoto anaonekana kazaliwa kabla ya ndoa! Kwenye chati ya ukoo andika 1662/63, na kila ndoa ya Sarah iwe na mstari wake, na watoto wa ndoa hiyo chini yake.